Ada

Fomu ina kurasa kumi na nne.
Nimeipandisha mlimani kwa farasi wa kuazima,
ndani ya mfuko wa plastiki, theluji isiilowanishe,
mimi, karani wa leseni, wilaya ya Mokhotlong,
mwenye muhuri, wino, kamba ya kupimia
na kikohozi nilichokiokota kwenye kona ya tatu.

'Makhethisa hakuuliza nimefuata nini.
Aliniwekea kigoda karibu na moto wa samadi,
akanimiminia chai katika kikombe kisicho na mkono,
akaniita kwa jina la baba yangu,
kama mtu anayekumbusha deni
bila kulitaja.

Tukaanza.

Jina la kampuni?
Alicheka mpaka blanketi likamteleza begani.
Ukubwa wa shamba?
Akanyoosha kidole: kutoka ukuta wa zizi
hadi lile jiwe lililomng'oa Khethisa jino.
Uzio? Kamera ngapi? Mlinzi wa usiku?
Mbwa aliinua kichwa, akasikiliza,
akaona si jambo la maana, akalala tena.
Nikaandika: mmoja.

Kisha ukurasa wa tisa, ambao njia nzima
niliomba upeperushwe na upepo.
Ada ya leseni: maloti laki nne na nusu,
hairudishwi hata ombi likikataliwa.

Hakushtuka. Alihesabu kwa kondoo,
maana ndiyo hesabu anayoiamini.
"Mia tatu," alisema. "Mimi ninao kumi na mmoja,
na mmoja anachechemea.
Serikali inapokea wanaochechemea?"

Fomu haina kisanduku cha swali hilo.

Kwake ada ni fungu la kwanza kwa jirani mfiwa,
ni majani ya kumchemshia mwenye pumu usiku wa manane,
ni kutokanyaga shamba siku ya maziko.
Kwangu ada ni namba, benki na stakabadhi.

Nami naujua mmea huu kuliko fomu inavyoujua.
Mwaka baba alipoachishwa kazi mgodini Welkom
magunia mawili ya mama huyu yalivuka mpaka
gizani, mgongoni mwa punda,
yakarudi yakiwa sare, kamusi,
na viatu vilivyonibana hadi darasa la saba.
Siku hizo bangi iliitwa hatia.
Polisi walifyeka, wakachoma,
wakasimama upande unakoelekea moshi.
Leo inaitwa sekta.

Ng'ambo ya bonde nyumba za plastiki za wageni
zinawaka taa usiku kucha;
kuku wa upande ule wamesahau kulala.
Khethisa analinda lango lao.
Ana koti lenye nembo, rungu na filimbi,
analinda majani yasiibwe
na watu wanaofanana na mama yake.

"Mbegu walizipata wapi?" aliniuliza.
Nilinyamaza, naye akajijibu:
walikuja kwa gari jeupe, wakanusa, wakasifu,
wakaomba konzi moja, akawapa mbili,
maana mgeni hapewi konzi moja.
"Wao walilipa ada gani?"

Kwa sheria nilipaswa kuhesabu miche
na kuwapigia simu wenye mapanga.
Nilitoka nje, nikahesabu.
Nilipofika ishirini na sita
kikohozi kilinishika, nikapoteza hesabu,
sikuanza upya.

Niliporudi ndani alikuwa ameichana fomu
vipande vinavyolingana, kwa utaratibu mzuri
ambao ofisi yetu haijawahi kuwa nao.
Kila kipande kilifunga mbegu kidogo:
za bondeni, za karibu na kisima,
zile zinazochelewa lakini hazikubali baridi.
Ukurasa wa tisa ulibeba zilizo bora.
"Karatasi ya serikali ni ngumu," alisema,
"panya hawaipendi.
Ukija tena, mwana wa Lebuajoang,
niletee nyingine."

Nilimgongea muhuri kwenye kila kifurushi.
Wino uliisha kwenye cha saba.