Kutunga Uzi

Lifti ya jengo lile, huko Gldani, pembezoni mwa Tbilisi, hula sarafu.
Tetri kumi, ndipo itikisike, igune, ipande.
Kushuka ni bure.
"Ndivyo dunia ilivyo," Bibi Lamara aliniambia siku ya kwanza,
"kuporomoka hakuna anayekutoza."

Nilikuwa nimejaza fomu ya kujitolea
ofisini kwa Mzia, nyuma ya duka la mikate,
nikatia alama kila kisanduku:
kupika, kufua, kusoma magazeti, kusindikiza hospitali.
Nikapewa Jumanne, nikapewa ghorofa ya tisa,
nikapewa sufuria ya supu ya maharage na ufunguo wa akiba.
Nikajiona mtu.

Yeye supu aliiweka kando.
"Mikono yako ikoje?"
Nikainyoosha. Akaipapasa kidole kwa kidole
kama anayechagua vitunguu sokoni.
"Haitetemeki. Haya, kaa dirishani penye mwanga.
Nitungie."

Miaka arubaini alishona mavazi ya jukwaani:
majoho ya wafalme, mabawa ya malaika,
tumbo la pamba la mlevi mmoja aliyechekesha mji mzima.
Sasa ukungu umemkaa machoni.
Vidole vinakumbuka kila kitu
isipokuwa tundu la sindano lilipo.

Basi kila Jumanne natunga:
nyeusi sita, nyeupe sita, za kijivu tano,
nyekundu tatu, "maana huwezi jua".
Nazichomeka kwenye pazia, mikia ya uzi ikining'inia,
sindano ishirini za kumvusha juma zima
bila kumwomba mtu.
Kwenye fomu hapakuwa na kisanduku cha hilo.

Februari mafua yakanilaza.
Jumanne ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita.
Mzia alimpeleka mwingine, kijana mpole, Vakho,
akapika, akafagia, akaaga.
Bibi hakumwambia habari ya pazia.

Jumanne ya tatu nilipanda kwa miguu.
Sarafu ilikuwa imenitoka njiani;
mfuko wa koti langu ulitoboka tangu Desemba.
Ngazi mia na kitu. Niliacha kuhesabu ghorofa ya sita,
pale paka wa jirani hulala juu ya viatu.

Akafungua kabla sijabisha.
"Nimekusikia pumzi tangu ya saba.
Mfuko umetoboka, sivyo? Kila ukikaa hapo
nasikia mkono wako ukitafuta sarafu ndani ya bitana."

Pazia lilikuwa tupu.
Hapana, si tupu: sindano moja, uzi wa kijivu,
imechomekwa chini kabisa, peke yake.
Pindo la shuka lake lilikuwa limefumuka, linaburuza nyuzi;
sweta halina kifungo, limebanwa kwa pini.
Majuma mawili alipita karibu na uzi ule
asiuguse.

"Lete koti."

Nami, mwenye alama kila kisanduku,
nikakaa na shati, mikono mapajani,
nikimtazama akishona ndani ya ukungu wake, bila haraka,
mishono midogo kama punje za ufuta,
mpaka uzi ukaisha, akaukata kwa meno.

Kisha akanisukumia kibweta.
"Ishirini. Na ukitaka kulia, lia baadaye.
Tundu la sindano halionekani kwa machozi."

Nilishuka kwa lifti, bure.
Nikatia mkono mfukoni, nikausukuma hadi mwisho:
mwisho ulikuwepo.