Mraba wa Dodoma

Kwenye modeli yangu, Dodoma ni mraba mmoja.
Kilomita mia kwa mia: joto lake namba moja,
mvua yake namba moja, upepo wake mshale mmoja.
Humo nimeisukumia Bahi na mpunga wake,
Chamwino, Mvumi, Hombolo na bwawa lake,
vumbi lote la Nkuhungu, na hiki chumba cha Ng'ong'ona
ambamo feni inazunguka ikikohoa.
Vilima vyote vimepigwa pasi.

Kimbunga hakikubali kuishi hivyo.
Jicho lake ni dogo, lingepotea ndani ya mraba
kama sindano ndani ya gunia la uwele.
Basi modeli huchora inachokiweza:
duara pana, legevu, linalojikokota baharini,
kama ng'ombe aliyechorwa na mtoto:
miguu minne anayo, pembe anazo,
maziwa hana.

Ndahani wa meza ya pili hunicheka.
"Miaka thelathini ya kompyuta unafuga,
hujapata hata fahali mmoja wa maana."
Namwambia, acha fahali. Tazama malisho.

Bahari ina nyuzi ishirini na nane: majani yapo.
Hewa ya katikati ina unyevu: kisima kipo.
Pepo za juu na pepo za chini zinasemezana,
maana zisiposemezana, hizi huvuta kichwa, zile mkia,
na mnyama hukatika kabla hajasimama.
Hayo modeli inayajua. Si yote, si barabara
(kuna kona ya bahari inaipasha moto kupita kiasi,
na hatujui kwa nini),
lakini malisho inayajua kuliko inavyomjua fahali.

Saa nne usiku Sechelela akapiga kutoka Hombolo.
Salamu yake ilikuwa nusu.
"Redio inasema kuna kimbunga mashariki ya Madagaska.
Zabibu zimebakiza wiki zikolee sukari.
Nikivuna sasa, kiwandani watanipa bei ya maji.
Nikingoja, mvua ikazikuta, zitapasuka.
Nikate?"

Nilitaka kumwambia: dada, mimi sitabiri kesho.
Mimi nahesabu Februari mia tatu
za bahari ambayo haijawahi kulowesha mguu wa mtu,
na katika Februari hizo mizabibu yako haimo,
wala wewe humo.
Nikasema, "Waulize Mamlaka ya Hali ya Hewa."
"Nimewauliza. Sasa nakuuliza wewe."

Nikafungua mafaili.
Nikatafuta kila kimbunga, hata kile kilegevu,
kilichowahi kukaa pale alipopataja,
kisha nikatazama mshale wa mraba wetu.
Mshale huu mwaka mzima hutoka mashariki.
Mara kumi na moja kati ya kumi na tisa uligeuka,
ukaja kutoka Kongo, na namba ya mvua ikapanda.
Mara nane haukujali.

"Kata upande wa bondeni," nikasema. "Wa juu ungoje."
Akanyamaza kidogo.
"Hilo hata mimi nilikuwa nalo."
"Basi tumekuwa wawili."
"Wawili bila turubai," akasema, akakata simu.

Haikupita nusu saa, umeme nao ukakatika.
Feni ikamalizia kikohozi chake.
Mlango wa chumba hiki huupigapiga upepo wa mashariki,
mpaka tumeuwekea tofali;
usiku huu tofali halina kazi.
Lakini pazia la dirisha la pili,
lile linaloelekea Bahi, ambalo tangu nihamie hapa
sijaliona likipumua,
limetuna kama tumbo la mbuzi aliyeshiba.

Nikaanza kupapasa meza, natafuta simu.
Chaji, asilimia tatu.