Miayo ya Saa Nane

Alipofika alikuwa mguu tu.
Utingo wa lori la mahindi, kateleza juu ya magunia
sokoni Kibaigwa, paja likavunjika.
Faili lake lilisema mguu, ukurasa hadi ukurasa.

Usiku wa pili akaanza kupiga miayo.
Si ya usingizi. Miayo ya kufuatana,
taya kama mlango usio na komeo,
na machozi yakimtoka bila kilio.

Nyemo, mwanafunzi wangu, akasema malaria.
Tukamtoboa kidole: mstari mmoja.
Basi ni baridi, akasema. Juni hii
upepo wa Kongwa unajua kila ufa wa dirisha letu.
Akaleta blanketi la pili.

Nikaushika mkono.
Malaika wamesimama, ngozi ya kuku aliyenyonyolewa,
na shuka limelowa jasho.
Pua inachuruzika. Beseni ameliomba mara tatu.
Ule mguu mzima haukubali kutulia,
unatikisa kitanda kama mbuzi anayeikataa kamba.
Na chini ya taa kali, mboni
pana,
pana kama za mtu aliye gizani.

Kule Mpwapwa niliwahi kumwita mmoja mkorofi.
Nilimfunga mikono kwa bandeji.
Alfajiri nilikuta mpira wa dripu ukining'inia,
ukidondosha maji sakafuni.

Nikavuta pazia. Nikavuta na kiti.
"Mbukwa, Ndahani."
Akaitikia kwa meno yanayogongana.
Nikamuuliza kama unavyomuuliza mtu amekula nini:
barabarani unatumia nini, na mara ya mwisho lini?

Kimya. Lori likapita mbali, likabadili gia.

"Vidonge, mwanzo. Vya kukesha na maumivu ya mgongo.
Halafu unga. Juzi asubuhi.
Sista, mama asijue."

Fomu yetu haina mstari wa arosto.
Nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo:
saa nane na robo, mapigo mia na kumi na nane,
miayo, jasho, malaika, mboni.
Nikampigia daktari wa zamu hadi akaamka.

Nyemo alikuwa ameshika lile blanketi bado,
hajui alitandike au alikunje.

Asubuhi mama akaja na uji wa uwele kwenye chupa.
"Kalala mwanangu?"
"Amepiga miayo sana," nikasema.
Akacheka, akafungua kifuniko.
"Basi usingizi u karibu."