Punje Arobaini na Tatu

Jua limechomoza saa mbili,
na ikifika saa kumi litakuwa limeshachoka.
Siku yetu imo humo katikati,
fupi kama shati la mtoto aliyerefuka ghafla.

Sakitu imelala juu ya kabichi za mwisho.
Ainārs anazipitia moja moja, anazigonga kwa kifundo cha kidole
kama anayebisha hodi ukweni,
asikilize ipi imeganda hadi moyoni.
Sukuma wiki peke yake haina habari.
Baridi imeitia sukari,
na huku kwetu haisukumi wiki, inasukuma miezi.

Karoti tumezizika katika masanduku ya mchanga, chini ya nyumba.
Akiba haiozi, husema wasio na ghala.
Yetu huoza.
Kila Jumapili nashuka ngazi na tochi,
nanusa, napapasa, naitoa iliyolainika
kabla haijawafundisha wenzake.

Hekta moja na robo. Hatupulizi dawa.
Tunachokitoa tunakirudisha:
samadi ya mbuzi sita wa jirani,
majani ya mwaloni, maganda, mabua, subira.
Afisa wa mikopo aliniuliza, dhamana yenu ni nini?
Nikatazama viatu vyangu.
Jibu lilikuwa limegandia kwenye soli, likidondoka juu ya zulia lake.

Mama mkwe, Velga, alituacha mwezi wa Aprili,
vitunguu saumu vikiwa vimechomoza urefu wa kidole.
Mbegu ilikuwa yake, na kabla yake ya mama yake:
ganda la zambarau, ukali wa kumtoa mtu machozi
hata kama hakuwa na la kulilia.
Julai tulivuna, tukachagua vichwa vinene vya kupanda,
nikavitia kikapuni, nikavifunika gunia.

Kikapu kilipandaje kwenye gari la sokoni, sijui hadi leo.
Jumamosi pale Cēsis, nikiwa natafuta chenji,
Oto, miaka tisa, alikivuta kutoka chini ya meza
akakiuza chote kwa mwanamke mwenye koti la kijani.
“Euro kumi na nane, mama! Wala hakuomba apunguziwe!”

Nilifungua mdomo.
Mtoto alikuwa anang'aa kama sufuria mpya.
Nikaufunga.

Usiku baba yake alisimama jikoni
mbele ya msumari wa Velga,
ambapo kwa mazoea tu tulitundika shada moja la kupikia.
Nusu yake tulikuwa tumeshaila, supu baada ya supu.
Akalishusha. Akabangua taratibu, akahesabu mezani.
Arobaini na tatu.
Akahesabu tena, kana kwamba zingeona haya na kuongezeka.

Leo tumepanda, kabla ardhi haijafunga mlango.
Ncha juu, kitako chini, shubiri moja kati ya punje na punje.
Oto ndiye aliyezitumbukiza, kimya, pua ikimchuruzika.
“Yule mama naye atazipanda?”
“Atazikaanga,” akasema Ainārs,
na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi tukacheka,
kicheko chenye mvuke.

Kisha mtoto akachukua kijiti, akaandika matopeni.
Arobaini na tatu, kila moja kichwa, kila kichwa punje sita.
Mia mbili hamsini na nane.
Mara sita tena, ulimi ukiwa nje:
elfu moja mia tano arobaini na nane.
“Nitakuwa na miaka kumi na mbili,” akasema.
“Tusipokula hata kimoja.”

Tukatandaza nyasi kavu, tukaweka matawi upepo usizibebe.
Saa kumi na robo giza lilishafika kwenye uzio.

Supu ya biti, jioni hii, haina kitunguu saumu.
Hakuna aliyelalamika.
Oto alionja, akafikiri kidogo,
akaongeza chumvi.