Kopi, Shilingi Mia

Kibanda changu kiko Buguruni, ubavuni mwa mahakama ya mwanzo:
mashine moja, stepla moja, wino unaoelekea kuisha.
Natoa kopi za vyeti vya kuzaliwa, za barua za dhamana,
za maombi ya kazi yanayoanza "Husika na kichwa cha habari hapo juu".
Katiba ipo juu ya kabati, jalada limepauka.
Wanafunzi wa sheria huja kuchagua kurasa wazipendazo.
Miaka tisa nimeilaza kifudifudi juu ya kioo,
nimeimulika tumbo,
sijawahi kuisoma.

Alhamisi akaingia Bi Zamoyoni, mama lishe wa pale mtaroni,
mikono inanuka kitunguu na hasira.
Mgambo wamebeba masufuria yake matatu,
na benchi, na maharage yangali yanatokota.
"Wa hoteli ya ng'ambo hawakumgusa,
na meza zake zimekaa barabarani vilevile."
Akafungua pindo la kanga, akaniwekea mia.
"Eliamani, nitolee katiba."

Nikacheka, Mungu anisamehe.
"Bibi, ile ni kurasa tele. Mia ni ukurasa mmoja."
"Basi nitolee huo mmoja wenye mimi."

Huo wenye yeye.
Nikapekua, jasho linanitiririka, kama niliyeibiwa kitu changu ndani ya kitabu.
Ibara ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu.
Nikamsomea: watu wote ni sawa mbele ya sheria.
"Mbele tu?" akauliza. "Na nyuma yake je?"

Mashine ikanguruma. Neno *sawa* likatoka hafifu, kama moshi.
Nikachukua kalamu ya bluu, nikalipitia herufi kwa herufi,
mtoto wa darasa la kwanza,
na nilipofika kwenye *a* ya mwisho
mkono ulikuwa mzito.

Jioni alirudi.
Mtendaji kaushika ukurasa kwa ncha za vidole,
kaupindua, kamrudishia:
"Hii kopi tu, mama. Haina muhuri."

Tukakaa.
Nikaishusha tena katiba, na safari hii nikaisoma,
nikarudi nyuma hadi ibara ya nane,
pale inaposema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote,
na serikali huyapata kwao.
"Soma tena," akasema. Nikasoma tena.
Akavuta kidau changu cha wino,
akatumbukiza dole gumba, lile lenye kovu la kisu,
akalikandamiza chini ya ukurasa, polepole,
kama anayepima embe kama limeiva.
"Haya. Muhuri huo."

Sitakudanganya kwamba masufuria yalirudi.
Moja lilirudi, limebonyea.
Benchi mpaka leo halijulikani lilipo.
Ila Jumatatu walikuja sita:
Perpetua wa mkaa, Mwamvita wa mihogo, Sikujua fundi viatu,
na wengine nisiowajua majina, kila mmoja na mia yake.
Hawakuutaka ukurasa wa Bi Zamoyoni.
"Huo tunao," walisema. "Tupe unaofuata."
Mmoja akachukua wa kupiga kura,
mwingine wa ujira wa haki,
Sikujua, asiyenyamaza, akachukua wa kutoa maoni.

Siku hizi kitabu kimetawanyika vibandani.
Ukurasa chini ya ndoo ya maharage,
ukurasa kwenye kopo la misumari,
mmoja, nasikia, ulifungiwa karanga
na mlaji akausoma hadi mwisho, akaurudisha na chumvi yake.
Likizuka jambo huitana, kila mtu na kipande chake,
wakavipanga kwa namba mezani kwa Perpetua,
na mkaa ukaacha alama pembeni.

Kuna ukurasa ulikuwa haujapata mtu.
Jana usiku, baada ya kufunga, nimeutoa kwa wino mpya.
Nikaingiza mkono mfukoni,
nikatia mia yangu kwenye droo
kama mteja mwingine yeyote.