Kituo Kimehamishwa

Tangazo limefungwa kwenye nguzo kwa kamba za plastiki,
Kiwelisi juu, Kiingereza chini:
kituo hiki kimehamishwa kwa muda.
Muda wenyewe haukutajwa.
Nimelisoma mara mbili, kila lugha kwa zamu yake,
ile ninayoijua na ile ninayoikisia,
saa kumi na moja alfajiri, mvua ikija upande upande
kutoka ghubani, mvua ya Swansea
isiyojua kuanguka wima.

Nyuma ya uzio wa mabati
duka la ghorofa nne limebaki moja na nusu.
Ngazi inapanda, inapanda, inaishia hewani.
Ukuta wa karatasi ya maua.
Choo kimoja cheupe kimening'inia
kama jino la mwisho.
Shakwe wamekwisha kuhamia. Wao hawakuombwa kibali.

Bi Gwenllian Prosser hakuhama.
Amesimama palepale benchi lilipokuwa,
mkoba wa magurudumu mbele yake kama mbwa mtiifu,
na vishimo vinne vya bolti miguuni pake vimejaa maji.
"Mji huu," ananiambia, "mara ya kwanza ulibomolewa na ndege,
usiku tatu mfululizo, mama kajibanza chini ya ngazi.
Mara ya pili na watu wa kofia ngumu.
Ndege angalau zilimaliza zikaenda zao."
Kisha, kana kwamba ni habari ileile:
akiwa na miaka saba alipanda treni ya ufukweni,
nyekundu, ya orofa mbili, wiki yake ya mwisho;
baba alimnyanyua aone maji kutoka juu.
Wakang'oa reli. Wakaahidi basi.
"Basi lenyewe ndilo hili ninalolingoja."

Subira huvuta heri.
Aliyesema hivyo hakutaja ratiba.

Delwyn anakuja na namba kumi na tisa, taa zikitetemeka lamini.
Kanuni inamtaka apite, hatua mia nne mbele,
hadi kibanda kipya cha kioo
kisicho na ukuta upande upepo unakotokea.
Anapunguza mwendo. Mlango unahema.
"Sijasimama hapa," anasema bila kututazama,
"na ninyi hamjapanda."
Hatujapanda. Tunakaa kiti cha mbele.

Mimi hufanya usafi katika jengo la halmashauri.
Ukumbini, chini ya kioo, wameuweka mji ujao:
mbao nyepesi, miti ya sifongo,
minara ya madirisha madogo kuliko punje za ulezi,
na watu weupe pe, weupe wa plastiki,
hawana mifuko, hawana kofia, hakuna aliyejikunyata.
Hakuna anayengoja chochote.
Nimewahesabu, kitambaa mkononi: mia moja na kumi na wawili.
Baiskeli tisa. Mbwa wawili.
Basi hakuna; kuna mstari wa kijani
ulioandikwa awamu ya tatu.
Nikatafuta dirisha langu, juu ya duka la samaki na chipsi,
nikakuta bustani.
Ni bustani nzuri, sitasema uongo.
Ningependa kuketi humo, kama ningejua
nitafika kwa usafiri gani, nikitokea wapi.

Asubuhi ile, viatu vingali vikitoa maji,
niliweka kidole gumba juu ya kioo,
kwenye kona ya Bi Prosser, nikakandamiza.
Kisha nikafuta kioo chote, pembe hadi pembe,
nikaruka hapo.

Jumatatu bwana wa mipango, kijana mstaarabu,
ambaye huniita jina langu lote, akilivunja katikati,
aliinama akalitazama doa.
"Mwana-mvua," akaniuliza, "hii ni nini?"
Nikamwambia: foleni.