Kiraka

Nililipwa kupiga misumari, si kutoa maoni.
Ghala la zamani la pamba, Jinja, kuta nne,
na watu wawili ambao asubuhi nzima
walisemezana kupitia kwangu.

"Mwambie," alisema Lwanyaga, "rangi zake zinapiga kelele."
"Mwambie," alisema Zaitun Fadimula wa Bombo,
"magome yake yananuka matanga."
Wote wanajua Kiganda. Wote walisikiana.

Lwanyaga huchuna mtuba bila mti kufa,
hulifunga jeraha kwa majani ya mgomba,
kisha hulitwanga gome kwa nyundo ya mti
hadi liwe pana kama shuka, jekundu kama njia ya Masaka.
Alileta manne. Hayana picha.
"Tazama tu," akaniambia,
nami nikatazama, nikatazamwa.

Zaitun alishusha makawa arubaini na moja:
waridi, zambarau, kijani cha sumu ya panya,
ya kufunikia sinia za harusi,
na chini yake hakuna chakula.
Nilifunua moja kuhakikisha.

Saa nane tulikula chapati na maharage juu ya makreti.
Lwanyaga akasema Kiswahili alikisikia kwanza mlangoni, usiku,
ana miaka sita.
*Fungua.* Neno hilo tu.
Baba yake akafungua.

Zaitun alitafuna polepole.
"Mwaka uliofuata tuligongewa sisi.
*Ggulawo*, wakasema. Neno lilelile.
Mama alivuka mpaka na ukili uliosukwa nusu
na mimi mgongoni."

Mimi ni wa Busia, Kiswahili ndicho kinachonilisha.
Nikayahesabu maharage yangu.
Pole haikuletwa na mtu,
kama chumvi siku ile.

Kulipandisha gome la tatu, msumari wangu ukalipasua:
tundu la kiganja, katikati.
Nikashuka ngazi nikisubiri kufukuzwa.
Lwanyaga akalipapasa.
"Gome halioni haya kuwa na kiraka," akasema,
"ila uzi nimeuacha nyumbani."

Zaitun akafumua ukingo wa kawa moja, la waridi,
akaulowesha ule ukindu kwa mate,
akaomba sindano ya gunia.
"Mshono wako mrefu mno."
"Shika taa."
Sikutumwa na yeyote.

Saa kumi na mbili wageni wakaingia na viatu vyao safi.
Mama mmoja mwenye miwani alisimama mbele ya lile gome,
pua karibu iguse mshono,
akauliza: "Hii ni kazi ya nani?"

Mkononi nilikuwa na kadi mbili za majina
na msumari mmoja.
Nikachungulia dirishani niwaite wenyewe.
Walikuwa barazani, wanagombania bei.